Milimita za Mjomba Firmin

Umeå, 2 Oktoba 2022

Mjomba Firmin,

Shikamoo. Huku tu wazima. Nils anakohoa, lakini anakohoa tangu anioe, kwa hiyo simhesabu kuwa mgonjwa. Theluji haijaanguka bado ila hewa inanukia theluji. Wiki nzima iliyopita nilining'inia chini ya daraja la reli nikikagua vyuma kwa tochi, nimerudi na shingo kama ya bata mzinga. Nimepata ufa mmoja mdogo na kikombe changu nilichokisahau pale mwaka jana.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu husikii, na ukisikia hujibu ulichoulizwa.

Kuna mzigo unakuja kwako. Ni mashine ya kuendeshea baiskeli ndani ya nyumba. Unatoa gurudumu la nyuma, unaifunga fremu kwenye mashine, cheni yako inazungusha gia za mashine, basi unakanyaga pedeli stoo mahali pakavu huku mvua ikinyesha nje itakavyo. Ina akili yake: ukiichagulia barabara yenye kilima kwenye skrini, inakaza yenyewe. Niliinunua, situmii, Nils anajikwaa nayo kila siku. Usinishukuru.

Lakini haikubali kila fremu. Kabla hujaifunga, nipimie nafasi iliyo kati ya yale masikio mawili ya nyuma yanayoshika ekseli, kutoka ndani hadi ndani. Nimeweka vipete vya milimita 130, 135 na 142, tutachagua kinachofaa. Tumia kalipa ya baba, kile kipimio chake cha chuma. Najua unayo. Uliitia mfukoni siku ya mazishi yake, nilikuona.

Msalimie sana mkaza mjomba Georgette.

Mpwa wako,
Goedele

*

Zegelsem, 20 Oktoba 2022

Mpwa wangu,

Marahaba. Mzigo umefika. Mleta mizigo aliushusha akishika kiuno, akauliza kama tumeagiza injini ya trekta.

Sisi hatujambo. Goti la Georgette linatabiri mvua kuliko redio. Wakulima wanang'oa viazisukari, barabara zote ni tope, ukitoka nje unarudi na nusu ya shamba la mtu. Kwa hiyo siku hizi sitoki sana na klabu ya baiskeli Jumapili. Ni tope tu.

Sasa, nani kakwambia nataka kukaa stoo nikikanyaga pedeli bila kwenda popote? Nina miaka sabini na minne, sina miaka mia. Lakini kwa kuwa mashine imeshafika na siwezi kuibeba kuirudisha, nimetazama fremu nilizonazo. Ni tatu. Ya kwanza ni ile nyeusi ya kaboni ambayo klabu ilinipa nilipotimiza sabini. Kijitabu chake kinasema usiifunge kwenye mashine ya ndani, itajipinda mahali isipopaswa, na walioitengeneza wakigundua hawakubadilishii. Basi hiyo hapana. Ya pili ni ya Georgette, ya alumini, inaning'inia ukutani tangu goti lake lianze vituko, na ni fupi: nikiikalia magoti yananigonga kidevuni. Ya tatu ni ya bluu, ambayo marehemu baba yako alinijengea mwaka 1984 kwa vipimo vya miguu yangu. Hiyo ndiyo itakayokaa kwenye mashine, au haikai yoyote.

Nimepima: 130. Nimepima mara moja tu. Kazi ya baba yako Maurits haipimwi mara mbili.

Mjomba wako,
Firmin

(Karatasi ndogo, mwandiko mwingine, imekunjwa ndani ya bahasha hiyohiyo)

Goedele mwanangu, asante kwa kutoitaja simu yangu. Hajui kwamba nilikupigia simu mwezi wa tisa. Usidanganyike na hilo tope lake. Hajapanda baiskeli tangu ile siku ya Mei alipoanguka akishuka kilima cha Leberg. Barabara kavu, hakuna gari, hakuna shimo, na hajui alivyoanguka. Mbavu mbili zimepona, lakini kwa daktari alikwenda kuonyesha mbavu tu, kichwa hakukitaja. Unakumbuka babu yako alivyoanza. Alianguka mara tatu, kisha akaanza kuniuliza mimi ni mke wa nani. Firmin anadhani zamu yake imefika. Hasemi, ila namwona. Angalau akanyage mahali ambapo hawezi kuanguka. Choma karatasi hii. G.

*

Umeå, 6 Novemba 2022

Mjomba,

Hapa jua linazama saa tisa alasiri na watu wote wamenuna. Nils amenunua taa ya kumwangazia usoni asubuhi anapokunywa kahawa. Anafanana na mtu anayehojiwa na polisi.

Nimefurahi umechagua ya bluu. Lakini kuna jambo. Nina daftari la baba la fremu alizojenga. Yako ni namba 61: "Firmin, bluu, nyuma 126." Wakati ule zote zilikuwa 126, ndivyo magurudumu yalivyokuwa. Wewe umeniandikia 130. Kwa mashine ni habari njema, kwangu ni fumbo. Je, ulipima gurudumu likiwa ndani? Litoe, upime tena fremu ikiwa tupu.

Na wewe hujambo kabisa? Unalala? Unakula? Nauliza tu, mjomba. Mpwa ana haki ya kuuliza.

Goedele

*

Zegelsem, 27 Novemba 2022

Mpwa wangu,

Nala, nalala, nakwenda haja. Umeridhika?

Georgette jana alipika nyama kwa bia nyeusi, tukala na chipsi, tukakutaja. Kwenye klabu wamemchagua Roger kuwa mwenyekiti, mtu ambaye hajawahi kupanda kilima cha Berendries bila kushuka na kusukuma. Ndipo tulipofika.

Huenda baba yako alikosea kuandika. Hata yeye alikuwa binadamu, ingawa mimi sijawahi kumwona akikosea. Nimetoa gurudumu kama ulivyoamuru. Ni 133. Mashine yako basi haifai, kipete cha 130 kitalegea na cha 135 hakiingii. Mpe mtu mwingine. Sina haja ya kuzunguka stoo kama panya.

Juzi nilisahau jina la mbwa wa jirani. Mbwa ambaye nimemwita kila siku kwa miaka minane. Sijui kwa nini nakuandikia jambo hili.

Firmin

*

Umeå, 8 Desemba 2022

Mjomba,

Salamu zitakuja barua ijayo, hii ni fupi. Oktoba uliniandikia 130. Novemba umeniandikia 133. Ni fremu ileile?

Usinikasirikie. Ipime asubuhi, mara tatu, uiweke chini na kuishika upya kila mara. Niandikie namba zote, hata zile usizozipenda.

Goedele

*

Umeå, 15 Januari 2023

Mjomba wangu,

Heri ya mwaka mpya. Kadi yenu ilifika, maneno yote ni ya mkono wa Georgette, hata jina lako ameandika yeye. Wiki tano sasa sijaona mwandiko wako. Hujawahi kukosa kunitumia tusi la Krismasi tangu nihamie huku.

Nisikilize. Sikuuliza ili kukupima wewe. Nilikuwa napima fremu. Kama nimekuudhi, niudhi na wewe, lakini usininyamazie. Baba alikuwa akininyamazia akikasirika, na sikuwahi kuizoea hali ile.

Goedele

*

Zegelsem, 22 Januari 2023

Goedele,

Marahaba, na heri ya mwaka kwako na kwa huyo mkohozi wako.

Sikukasirika. Nilikuwa naona aibu, na aibu ya mzee ni nzito kuandika. Sasa naandika, nisome mara moja kisha tusiizungumzie tena.

Nilipima ulivyosema. Sikupima mara tatu, nilipima mara tisa. Nilipata 128, 133, 131, 134, 130, na nyingine sitaki kuzitaja. Sikupata namba ileile mara mbili mfululizo. Mimi, Goedele. Miaka thelathini na nane nilikuwa fundi wa mashine za kufumia pale kiwandani, nikirekebisha sindano kwa unene wa unywele, na hakuna aliyewahi kurudia kipimo changu. Sasa siwezi kupima nafasi kati ya vyuma viwili mezani kwangu. Georgette aliingia akanikuta nimekaa na kalipa mkononi. Nikamwambia inahitaji mafuta.

Na kuna jambo lililotangulia. Mwezi wa tano nilianguka na hiyohiyo ya bluu. Tulikuwa tunashuka Leberg, mimi wa tatu kwenye mstari, kona ya kushoto ninayoijua kuliko sebule yangu. Ghafla gurudumu la nyuma likaniponyoka, na nilipofungua macho nilikuwa kwenye nyasi na Roger amenisimamia juu ya kichwa akiuliza, "Firmin, umelala?" Wakaikagua baiskeli. Gurudumu limenyooka, tairi zima, breki nzima. "Baiskeli haina kitu," Roger akasema, na wote wakanitazama mimi. Unajua walichokuwa wanafikiri? Kila mmoja wao alimjua baba yangu.

Basi nimejua. Babu yako alianza kwa kuanguka, halafu mikono, halafu majina. Mimi nimeanguka, mikono imeanza, na mbwa wa jirani hana jina. Georgette hajui ninayofikiri, na wewe usimwambie. Nilitaka kuwa na ile fremu ya Maurits pale stoo, hata kama haiendi popote. Hilo tu.

Anaitwa Kastaar. Yule mbwa. Limenijia sasa hivi, lakini limechelewa.

Firmin

*

Umeå, 29 Januari 2023

Mjomba wangu mpendwa,

Nimeituma barua hii kwa njia ya haraka. Kaa chini uisome taratibu.

Mikono yako haina ugonjwa. Mtu ambaye mkono wake unatetemeka hukosea nusu milimita, haendi toka 128 hadi 134. Ulipima sawasawa kila mara, na kila mara ulipata ukweli wa wakati ule. Kinachosogea ni fremu. Chuma kizima hakifanyi hivyo. Mimi hula mshahara wa kuning'inia chini ya madaraja nikitafuta jambo hilihili, na nikikuta chuma kinachobadili kipimo, siulizi afya ya mwenye kalipa. Natafuta ufa.

Fikiri. Gurudumu likiwa ndani, ekseli inayabana masikio mawili, fremu inaonekana nzima. Ukilitoa, yanakuwa huru, yanakaa popote fremu inapoegemea. Na ukishuka mlima kwa kasi, ukaikandamiza kwenye kona, bomba lenye ufa linafunguka, gurudumu la nyuma linakwenda kivyake, unatupwa. Ukiamka, chuma kimerudi mahali pake na Roger anasema baiskeli haina kitu. Roger si mkaguzi wa madaraja.

Fanya hivi. Laza fremu mezani, mkaza mjomba aishike mbele. Wewe yasukume masikio ya nyuma ndani na nje huku ukitazama yale mabomba mawili ya chini yanayotoka kwenye pedeli. Kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae. Paka mafuta ya taa, subiri robo saa, futa kabisa, kisha paka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yatatoka humo na kuchora mstari mweusi kwenye chaki.

Ukiukuta kwenye maungio ya baba, niambie hivyohivyo. Najua ndiyo sababu hukuwahi kuishuku hiyo fremu. Uliona bora kichwa chako kiwe kibovu kuliko kazi yake. Mjomba, baba alikuwa fundi mzuri, hakuwa malaika, na mimi ni binti yake, nitaivumilia habari hiyo.

Na uende kwa daktari, ukikuta ufa au usikute. Mwambie habari ya kichwa, si ya mbavu.

Nami nina la kukiri. Mashine haikuwa yangu. Nilikununulia wewe, kwa sababu mkaza mjomba alinipigia simu Septemba. Anajua yote. Alijua kabla yangu.

Goedele

*

Zegelsem, 12 Februari 2023

Goedele, Goedele,

Sina salamu, zipokee mwishoni.

Nilimpelekea Georgette barua yako jikoni. Nikamwambia, "Kumbe umeniuza."

Akasema, "Nimekuuza, na bei ilikuwa nzuri. Shika upande wako."

Tukailaza fremu juu ya meza, juu ya gazeti la Jumamosi. Yeye akashika mbele, mimi nikasukuma. Sikuona kitu. Nikakwangua. Lazima nikueleze kuhusu rangi: kila Februari, kabla ya mbio za kwanza, sisi wanaklabu wenye fremu za chuma tunakusanyika kwenye ukumbi wa baa ya Irma, tunazipaka upya bluu ya klabu, tunakula keki za maziwa za mji wa Geraardsbergen, tunaziacha zikauke. Nimefanya hivyo kila mwaka bila kukwangua ya zamani. Nilipofika chini nilikuwa nimepita bluu za miaka arobaini. Georgette alisema ni kama kumenya kitunguu kisichoisha.

Mafuta, robo saa, kufuta, chaki. Tulikaa tukiitazama chaki. Nilikuwa nimemshika mkono bila kujua. Kisha pakatokea mstari, mwembamba kama wa kalamu, ukizunguka zaidi ya nusu ya bomba la kulia.

Georgette akasema, "Ndiyo hiyo?"

Nikasema, "Ndiyo hiyo."

Akaniangalia. "Basi siyo wewe."

Nililia, Goedele. Nililia jikoni mchana kweupe na chaki puani, na yeye akanifuta kwa taulo la vyombo lenye mafuta ya taa, ikawa lazima nilie zaidi.

Sasa la pili, na hili ni gumu. Ufa hauko kwenye maungio ya baba yako. Maungio yake yote yanang'aa kama alivyoyaacha. Uko vidole vitatu mbali, mahali ambapo mtu mmoja aliwahi kulipinda bomba. Mtu huyo ni mimi. Mwaka 1999 nilinunua magurudumu mapya ya 130, hayakuingia kwenye 126. Maurits akasema, "Niletee, nitaipanua pande zote mbili sawasawa, wiki ijayo." Lakini mbio za kijiji zilikuwa Jumapili, na mimi sikuwa na subira. Nikaipanua mwenyewe, jikoni hapahapa, kwa ubao, nikauegemea kwa nguvu zangu zote. Upande mmoja tu ndio uliopinda, wa kulia. Jumapili nilimaliza wa kumi na tisa. Maurits aliitazama, akatazama tena, hakusema neno, na mimi sikumwambia hadi anakufa. Ulipoandika kwamba daftari linasema 126, nilijua hapohapo, na ndiyo maana niliisingizia kalamu yake. Nisamehe.

Daktari nitamwona Alhamisi ya tarehe 23. Naogopa bado, lakini naogopa kama mtu mwingine yeyote anayekwenda kwa daktari.

Salamu zako hizi hapa: hatujambo.

Firmin

*

Umeå, 19 Februari 2023

Mjomba,

Nimeisoma barua yako kwenye gari, kwenye maegesho, baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri, na nilishindwa kuwasha gari kwa kicheko na kilio. Mlinzi alikuja kugonga kioo.

Nimekusamehe, na baba alikusamehe kabla yangu. Kwenye daftari, chini ya namba 61, kuna mstari mwingine kwa penseli uliofifia hata sikuuona hadi jana: "Mei '99. Firmin ameipinda mwenyewe. Asiambiwe kuwa nimeona. Ikaguliwe." Hilo la mwisho amelipigia mstari mara mbili. Nadhani alikuwa akiikagua kila alipokuja kwenu kula, ndiyo maana alikuwa hakosi kupitia stoo kwanza. Tangu afe hakuna aliyekagua. Hapo kosa ni letu sote.

Niandikie siku ileile utakayotoka kwa daktari. Siku ileile, si kesho yake.

Goedele

*

Zegelsem, 23 Februari 2023

Mpwa wangu,

Ni siku ileile. Kofia ningali nayo kichwani.

Daktari ni msichana wa Ronse mwenye sauti kubwa, nimempenda, sijalazimika kumwomba arudie. Amenipiga picha ya kichwa wiki hii, leo ameninyoosha vidole, amenipa maneno matano ya kukumbuka huku akinipigisha hesabu za kutoa. Nilimrudishia yote matano, nikamwongezea jina la mbwa. Akasema kichwa changu kina miaka sabini na minne na hakijifanyi kuwa na zaidi. Nikamweleza kuhusu bomba. Akasema, "Mzee Firmin, ungekuja kwangu Mei tungekupunguzia miezi tisa ya kujitesa." Georgette akamwambia, "Usimwambie hivyo, atadhani mateso yake yalikuwa ya bure." Wakacheka wawili hao, mimi nikavaa shati.

Kuhusu mashine. Fremu iliyokaa ni ya Georgette. Alumini, 130 kamili, nimepima mara tatu na mara tatu ni 130, unaweza kuning'inia chini yake ukitaka. Kipete kiliingia, ekseli ikabana, imetulia. Anaikanyaga yeye, polepole, kwa sababu daktari wa goti amefurahi. Juzi alipanda Berendries akiwa stoo amevaa ndara. Anauliza kama mashine inaweza kupanda mlima mwingine wenye mandhari nzuri zaidi.

Mimi Jumapili natoka na ile nyeusi. Roger ameshaambiwa sababu ya kuanguka kwangu, mbele ya watu wote kwa Irma, na ameninunulia bia, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Nilipomaliza kumwambia Roger nilitaka niiandike pia, niione kwa mwandiko wangu. Nilianguka kwa sababu bomba lilipasuka. Georgette kasema niisome kwa sauti. Nimeisoma. Kasema, "Tena." Nimeisoma tena, ila mara ya pili sauti imenikatika katikati, amenichukulia karatasi na kuimalizia yeye.

Firmin